Matairi yaliyokuja na gari, au utakayochagua mwenyewe? Ulinganisho kwa anayeendesha barabara zetu

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka tukiwa tumeshaiacha Chalinze, tunaelekea Segera, saa nane mchana, jua la kuyeyusha lami. Ilikuwa 2019, na gari lilikuwa na miezi minne tu tangu nilitoe bandarini. Kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga lami, zilikuwa zimejaa. Siku nalichukua niliyazunguka matairi yote manne, nikayapiga teke moja moja, nikaridhika. Tulifunga spea, tukaenda polepole mpaka Mkata, na hapo fundi pancha akalilaza lile tairi chini, akafuta ubavu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha akaukandamiza mpira kwa dole gumba. Vikafunguka vinyufa vyembamba, vingi, kama udongo wa shamba lililokosa mvua. Akasogeza kidole hadi kwenye namba nne zilizozungushiwa kiduara kirefu: 3111.

"Kaka, hili ni la wiki ya 31, mwaka 2011. Halafu ni la barafu hili. Soma hapa."

Palikuwa pameandikwa STUDLESS.

Watoto wangu wawili walikuwa kiti cha nyuma siku ile. Ndiyo maana tangu hapo siwezi kupita kwenye gari la ndugu au jirani bila kuinama kusoma ubavu wa tairi. Na nimegundua malalamiko ni ya aina mbili. Kuna aliyenunua gari jipya kwa wakala, matairi yakaisha au yakachanika mapema kuliko alivyotarajia, akajiona ameibiwa. Na kuna sisi wengi tuliotoa gari Japani, likaja na matairi ambayo hatujui historia yake. Wote tunaishia kwenye swali moja: niyaache, ninunue yaleyale, au nibadilishe aina kabisa? Nitayalinganisha kama ninavyomlinganishia mtu aliyesimama nami dukani, mkononi ana pesa ya matairi manne na hana ya kurudia.

Kiwanda kilimchagulia nani

Watu husema tairi la kiwandani ni baya kwa sababu mtengenezaji wa gari amebana matumizi. Bei imo, sikatai. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba tairi lile lilichaguliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mtengenezaji wa gari humpa mtengenezaji wa tairi masharti yake: gari lisingurume ndani, lile mafuta kidogo, liwe laini kwa mteja anayelijaribu dakika ishirini kabla ya kusaini. Mafuta ndiyo shinikizo kubwa. Umoja wa Ulaya ulipoanza kulazimisha lebo kwenye matairi mapya, Novemba 2012, ulieleza kwamba matairi yanahusika na asilimia 20 hadi 30 ya mafuta ambayo gari linakunywa. Japani walikuwa wameshaanza lebo yao Januari 2010: AAA hadi C kwa wepesi wa kubingirika, a hadi d kwa kushika lami yenye maji.

Angalia kisichokuwepo. Lebo zote mbili hazisemi tairi litatembea kilomita ngapi, wala kama ubavu wake utastahimili jiwe lenye ncha. Mnunuzi wa Osaka hahitaji kujua hilo la pili. Wewe unayeishi Mbezi ndanindani au Kitengela unalihitaji kila siku.

Sasa, ili tairi libingirike kwa wepesi, njia iliyo rahisi ni kupunguza mpira: kashata fupi kidogo, tabaka jembamba chini yake, ubavu mwepesi. Tairi la gari dogo likiwa jipya huwa na kashata ya milimita 8 hivi, na katika nchi nyingi mwisho wa kisheria ni milimita 1.6. Kwa hiyo unachonunua hasa ni milimita 6.4 za kutumia. Likitoka kiwandani na milimita 7, umeshapoteza karibu moja ya sita ya maisha yake kabla hujawasha gari. Hakuna aliyekudanganya. Ila hakuna aliyekuambia pia, na hasira ya wenye magari naielewa kabisa.

Kuyaacha au kuyatoa

Hapa nazungumza na aliyetoa gari lililotumika. Kwanza fahamu kwamba matairi yaliyokuja nalo si lazima yawe ya kiwandani. Gari la miaka saba linaweza kuwa limeshabadilishwa matairi mara mbili. Ukaguzi wa Japani, ule wanaouita shaken, unataka kashata isipungue milimita 1.6, umri wa tairi haumo. Ndiyo maana gari linaweza kupita kule likiwa na mpira uliozeeka, na likafika kwetu linang'aa.

Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ndizo cheti cha kuzaliwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Wakati mwingine namba hizo zimechapwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo umegeuzwa chini ya gari. Usikate tamaa, lala chini na tochi. Mimi sikulala chini siku ile ya bandarini kwa sababu nilikuwa nimevaa shati jeupe, na nalijutia shati lile mpaka leo.

Mpira huzeeka hata ukikaa bure. Watengenezaji wengi wa magari husema tairi likifika miaka sita lianze kufikiriwa kubadilishwa, na kampuni kubwa za matairi huweka miaka kumi kuwa mwisho hata kama kashata bado imejaa. Ukiniuliza mimi, kwa joto la Dar, Mombasa au Tanga, na gari linaloegeshwa juani siku nzima, nashika ile sita na siifikirii ile kumi.

Halafu kuna suala la aina. Tairi la barafu lina kashata nene zenye mikato myembamba mingi kama sega, na mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi, chini ya nyuzi 7 za selsiasi. Majina utakayoyaona ni kama Blizzak la Bridgestone, iceGUARD la Yokohama au Winter Maxx la Dunlop. Kule Hokkaido ni matairi mazuri mno. Huku yanapinda kama ufutio, yanachoka upesi na kuchelewesha breki, na kadiri kashata inavyoonekana nene ndivyo mnunuzi anavyofurahi bure. Mengi yana herufi Q kwenye ubavu, maana yake mwisho wa mwendo ni kilomita 160 kwa saa, wakati matairi ya kawaida ya gari dogo huwa na T kwa 190 au H kwa 210.

Basi ulinganisho wenyewe hapa ni mfupi. La kawaida, umri chini ya miaka mitano, halina vinyufa, kashata zaidi ya milimita 4: liache, limalize, pesa yako iweke. La kawaida lakini limezeeka: litumie kwenda dukani tu. La barafu, hata liwe na mwaka mmoja: litoe. Najua inauma kutupa mpira unaoonekana mpya. Nilishautupa.

Yaleyale tena, au mengine

Huyu ni mwenye gari jipya. Matairi yameisha, wakala anakushauri urudishe jina lilelile na aina ileile. Ana hoja. Gari lilipimwa likiwa na tairi lile, na ukilirudisha unajua utapata nini: ukimya uleule, ulaji uleule wa mafuta. Kwenye magari ya Ujerumani jambo hili lina uzito zaidi, maana kuna matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya gari fulani na kuwekewa alama: nyota ndogo kwa BMW, MO kwa Mercedes, AO kwa Audi, N0 na ndugu zake kwa Porsche. Tairi lenye alama na lisilo nayo, hata jina na saizi vikifanana, si lazima liwe tairi moja. Ndiyo sababu mtu hununua "lilelile" dukani akashangaa limedumu zaidi, au limekuwa na kelele zaidi.

Kinachonifanya nisite ni hiki: Marekani, kampuni nyingi za matairi humpa mnunuzi wa dukani dhamana ya maili, lakini tairi la jina hilohilo likiwa limekuja na gari jipya, dhamana hiyo ya maili haimo. Kampuni yenyewe inajua ni lipi kati ya matairi hayo mawili limetengenezwa lidumu. Na waranti ya gari kwa kawaida haigusi tairi. Tairi lina waranti ya mtengenezaji wake, kwa kasoro za kiwandani, na kuchanika kwa jiwe si kasoro ya kiwandani.

Kama safari zako ni lami ya mjini, unabeba watu wawili, na ulaji wa mafuta ndio unaokunyima usingizi, rudisha yaleyale. Ukiwa unatoka lami kila siku, au gari linabeba familia nzima na mizigo ya kijijini, nunua la dukani lenye saizi ileile na namba ya uzito iliyo sawa au kubwa zaidi. Namba hiyo hufuata saizi. Kwenye 195/65R15 91H, ile 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Saizi hiyohiyo ipo yenye 95 na herufi XL, nayo ni kilo 690. Kilo 75 za ziada kwa kila tairi, rimu ileile, gari lilelile. Kwa anayekwenda Moshi Desemba na watu watano na magunia kwenye buti, hiyo ndiyo tofauti ninayoilipia kwanza kabla ya jina lolote.

Mchina mpya na jina kubwa

Zamani swali hili lilikuwa na jibu la nyumbani. Arusha kulikuwa na General Tyre, Nairobi kulikuwa na kiwanda kilichoanza kama Firestone na baadaye kikawa Sameer Africa, watu wakaendesha Yana miaka na miaka. Arusha walisimama miaka ya 2000, Nairobi walizima mitambo 2016. Leo karibu kila tairi dukani limepanda meli, na wengi wetu tunachagua kati ya rafu mbili: ile ya bei nafuu kutoka China, na ile yenye Michelin, Bridgestone, Yokohama, Dunlop, Continental. Katikati kuna Wakorea, Wahindi na Maxxis ya Taiwan, na hapo katikati ndipo nimeona watu wengi wakitulia.

Nisingependa mtu aniambie "Mchina mbaya" kisha akaishia hapo. China ni kubwa. Kuna kampuni kama Linglong ambayo imewahi kupeleka matairi kwenye viwanda vya Volkswagen, na kuna majina ambayo hayamo hata kwenye orodha ya mtu yeyote anayejali. Vilevile jina kubwa halikuambii limetoka wapi: Yokohama lako linaweza kuwa la Ufilipino, Bridgestone lako la Indonesia au Thailand, Dunlop lako la Ladysmith, Afrika Kusini. Hilo si kosa. Soma tu ujue unachokinunua.

Badala ya kubishana majina, tazama herufi za Marekani kwenye ubavu, kama zipo. Kuna namba ya kudumu kwa kashata, ambapo 100 ndiyo kipimo cha kuanzia, na kampuni yenyewe ndiyo inayoipanga. Kwa hiyo linganisha 300 na 500 ndani ya kampuni moja, usivushe. Kuna daraja la kushika lami yenye maji: AA, A, B, C. Na kuna daraja la joto: A, B, C. Hili la mwisho wauzaji hawalitaji kabisa, nami nalitaka A. Daraja C la joto ni kima cha chini tu kinachoruhusiwa kule, na kule hakuna mtu anayetoka Dodoma kwenda Singida saa saba mchana na gari limejaa.

Kwenye bei, acha kutazama bei ya tairi, tazama bei ya kilomita. Chukua mfano wa hesabu tu: tairi la shilingi 150,000 likitembea kilomita 25,000, kila kilomita ni shilingi 6. Tairi la 280,000 likitembea kilomita 56,000, ni shilingi 5. La ghali limekuwa rahisi, na katikati hujalipa tena fundi wa kufunga na kubalansi. Lakini hesabu hii ina upande wa pili ambao wapenda majina makubwa hawausemi: tairi la ghali likichanwa na chuma wiki ya tatu, kila kilomita imekugharimu utajiri. Kwa hiyo anayepita kwenye mawe na vyuma vya ujenzi kila siku, na hana namna ya kukwepa, rafu ya katikati ina mantiki. Anayesafiri barabara kuu mara kwa mara na watoto ndani, alipie breki za mvua. Usiku wa masika, lori limesimama mbele bila taa, huwi na nafasi ya kukumbuka ulichookoa dukani.

Pikapu: tairi la lami na tairi la mchanganyiko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona malalamiko makali kuliko yote.

Shemeji yangu yuko Karatu na analima vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Alinunua pikapu mpya kwa wakala, akiba ya misimu kadhaa. Mwaka wa kwanza haujaisha, matairi mawili yameshachanika ubavuni, yote ya nyuma, yote likiwa na mzigo. Alirudi kwa wakala amekasirika. Akaambiwa tairi halimo kwenye waranti ya gari. Aliporudi nyumbani alinipigia, tukasoma pamoja ubavu kwa simu: 265/65R17 112S, H/T.

Zile H/T ndizo jibu lote. Maana yake ni tairi la barabara kuu. Pikapu na magari makubwa mengi hutoka kiwandani nayo, kwa sababu gari linanyamaza, linakunywa kidogo, na kwenye lami linatembea kama gari dogo la saluni. Tangazo la gari linaonyesha limesimama juu ya jabali. Tairi alilofungiwa limetengenezwa kwa ajili ya njia ya kwenda ofisini.

A/T ni tairi la mchanganyiko: kashata zimeachana zaidi, mpira mgumu zaidi kuchanika, na kwenye baadhi yake ubavu umeongezewa tabaka. BFGoodrich All-Terrain KO2, kwa mfano, lina tabaka tatu ubavuni. Ukichukua lile lililoandikwa LT mbele ya saizi, tunaingia kwenye matairi ya mizigo, yale mafundi wanayoyaita ya plai 10. Saizi ya shemeji ikiwa LT ina namba 120: kilo 1,400 kwa tairi, dhidi ya kilo 1,120 za lile la kiwandani lenye 112.

Basi kwa nini kila mtu asifunge LT? Kwa sababu lina gharama. Ni zito, linakula mafuta zaidi, linanguruma kwenye lami, na gari likiwa tupu unahisi kila tuta mgongoni. Pia linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule. Ukilijazia upepo wa kibandiko cha mlangoni, kilichoandikwa kwa tairi la awali, unakuwa umelipunguzia nguvu uliyoilipia. Na kwenye lami iliyolowa, H/T nzuri mara nyingi inashika breki vizuri kuliko A/T ngumu. Anayekaa Arusha mjini na kutoka lami mara mbili kwa mwaka kwenda kuzika au kuoa, abaki na H/T, aendeshe polepole siku hizo mbili. Anayepita changarawe robo ya safari zake lakini habebi mzigo, achukue A/T ya kawaida isiyo LT; hiyo ndiyo iliyowafaa wengi niliowashauri. LT ni ya shemeji, ya wanaobeba watalii kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, ya anayejua kwamba kesho asubuhi mawe yatakuwa palepale.

Shemeji alifunga LT. Mkewe alilalamika kelele kwa wiki mbili hivi.

Rimu kubwa na rimu ndogo

Huku ni kwa wenye magari ya kisasa yaliyokuja na rimu za inchi 18 au 19. Zinapendeza, hilo halina ubishi. Lakini chukua Mazda CX-5 ya kizazi cha kwanza, ambayo kiwanda chenyewe kiliiuza kwa saizi mbili: 225/55R19 na 225/65R17. Ubavu wa lile la 19 una urefu wa milimita 124 hivi. Wa lile la 17 ni 146. Hizo milimita 22 za mpira na upepo ndizo zinazolipokea shimo kabla halijaifikia rimu. Kipenyo cha nje kinatofautiana chini ya asilimia 1, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kwa kawaida lile la 17 lina namba ya uzito 102, kilo 850, na la 19 lina 99, kilo 775. Linabeba zaidi, linavumilia zaidi, na saizi yake unaipata kwa urahisi dukani kwa sababu magari mengine mengi huivaa.

Kwa hiyo matairi ya 19 yakiisha, kabla hujayalipia tena, uliza bei ya rimu nne za 17 zilizotumika pamoja na matairi yake. Hakikisha tu kiwanda kiliiuza gari yako na saizi hiyo, maana kuna magari ambayo breki zake haziingii kwenye rimu ndogo. Rimu za 19 uza, au zihifadhi za harusini.

Ranflati, spea na mtumba

Kwenye BMW nyingi zinazoingia, tairi la kiwandani ni ranflati: likitoboka linakubebea kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Ulaya zinakufikisha gereji. Ukitobokea katikati ya Doma na Mikumi usiku, baada ya hizo kilomita 80 bado unatafuta tairi la saizi hiyo, na gari halina spea kwa sababu lilitengenezwa bila nafasi yake. Ubavu wake mgumu pia unaumiza mgongo kwenye barabara mbovu. Aliye mjini tu anaweza kubaki nazo. Anayesafiri abadilishe yote manne kuwa ya kawaida, anunue spea nyembamba na jeki, na akubali kupoteza nusu ya buti. Gari nyingi ndogo za Kijapani za miaka ya 2010 nazo zimekuja na chupa ya gundi na pampu badala ya spea. Gundi inaziba msumari. Ubavu uliopasuka haizibi.

Mtumba sina maneno mengi. Unalipia tairi ambalo mwenzako aliliona limeisha, hujui liliwahi kutembea bila upepo au la, na ndani linaweza kuwa limetiwa kiraka mahali ambapo hapakupaswa kutiwa. Kama pesa ni ya mtumba manne, nunua mapya mawili ya bei nafuu na ufunge nyuma. Ndiyo, nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mkia ukiteleza kwenye maji ndipo dereva wa kawaida anaposhindwa kulirudisha gari.

Kabla hujalilaumu tairi

Niliwahi kumsindikiza jirani kurudisha matairi dukani, amekasirika, kilomita 15,000 na katikati pamebaki laini kama kiganja. Muuzaji akaweka geji: 44. Kituoni kwake walikuwa wakijaza kwa mazoea na yeye hakuwa ameuliza. Kashata ikiisha katikati, upepo umezidi. Ikiisha pembeni zote mbili, upepo haukutosha. Ikiisha pembeni moja tu, ni alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Ikiisha kwa madoamadoa kama vikombe, tazama shokamzoba. Tairi zuri kuliko yote duniani litaisha hivyohivyo.

Kibandiko cha kipimo cha upepo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa; gawanya kwa 6.9 upate namba ya geji zetu, kwa hiyo 220 ni 32. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla hujatembea. Spea pia.

Siku ya kununua

Nenda mchana. Omba tairi lishushwe kwenye rafu na usome namba nne mwenyewe, kila moja, maana duka linaweza kukupa matatu ya mwaka huu na moja la miaka mitatu iliyopita. Mimi sichukui lililozidi miaka miwili. Kama yana mshale wa mzunguko, angalia fundi anaufuata. Dai vali mpya. Dai risiti yenye jina la tairi na namba zake, kwa sababu bila hiyo waranti ya mtengenezaji ni hadithi. Simama pale wanapobalansi, na alaimenti ifanyike siku hiyohiyo, si "wiki ijayo ukipata nafasi".

Langu sasa lina 185/65R15 yenye namba 92 na XL, ya rafu ya katikati, daraja la joto A, wiki ya 8. Baada ya kilomita 100 hivi nilirudi kwa fundi akakaza nati upya. Mbili zilizunguka kidogo.